Tupeane uzoefu: uliwahi kumwona ninga kwa karibu?

Wakuu, ninga ni njiwa pori wa kijani, na watu wengi wanapita chini ya mti aliotua bila habari. Aliyewahi kumwona aeleze.

Naanza mimi. Ninga humpati kwa kutazama juu, unampata kwa masikio. Mkuyu ukiiva, simama chini yake usikilize: kuyu zinadondoka na upepo hakuna. Hapo ndipo uinue darubini. Anapanda vitawi kama kasuku, ananing'inia kichwa chini mpaka alifikie tunda la nchani. Mdomo mweupe, shina lake jekundu. Jicho la samawati iliyopauka. Begani doa la zambarau, mapajani manyoya ya njano. Bila darubini rangi zote hizo zinamezwa na majani. Akishtuka anaganda tuli, na ukisogea zaidi kundi zima linachomoka kwa kishindo cha mabawa.

Mwanapori: Sahihi mkuu. Mimi sauti ndiyo iliyonishika. Siyo ule mvumo wa tetere. Anaanza na miluzi inayopanda na kushuka, halafu mikwaruzo, anamaliza kwa kukoroma. Siku ya kwanza nilitafuta ndege wawili.

Binti Mpemba: Sisi Pemba tuna ninga wetu, hayupo kisiwa kingine wala bara. Wanasayansi walimwandika mwaka 1940, wazee wetu walikuwa wakimjua zamani. Kichwa na kifua ni kijivu, kijani kiko mgongoni na mbawani. Mimi humwona msitu wa Ngezi, asubuhi, kwenye miti mirefu yenye matunda. Ndugu zangu, miti hiyo ikikatwa ninga hana pa kwenda, maana si ndege wa kuokota nafaka shambani. Jambo hili linaniuma sana, misitu ya asili ya kisiwa imebaki kidogo mno.

Kijana wa Bonde: Kuna aliyeona kiota?

Mwanapori: Nimekiona kimoja, ndugu. Vijiti vichache vimelazwa kwenye panda, vyepesi kiasi kwamba ukiwa chini unaona mayai meupe kupitia katikati ya vijiti. Niliondoka haraka ili mama asikiache.

Mwanzisha mada: Asante Mwanapori. Binti Mpemba, wa kwenu analia sawa na huyu wa bara? Mwenye sauti aliyoirekodi atuwekee hapa.