Naomba ushauri: nipunguzeje swali la utafiti, shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu?

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Kazini nimeandika programu miaka sita, ila utafiti naona ni kitu kingine kabisa.

Msimamizi wangu alinipa makala ya mwaka 1972 ya David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu, inayoeleza kuwa mfumo ugawanywe ili kila moduli (sehemu moja ya programu) ifiche uamuzi unaoweza kubadilika baadaye. Nimeirudia mara tatu. Ilinigusa sana, maana kwenye mfumo wetu wa malipo ofisini, kubadilisha kiwango cha kodi tu kulitulazimu kugusa mafaili 11!

Sasa nataka kujua: mafaili yanayobadilishwa pamoja mara kwa mara kwenye historia ya Git (zana inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya programu), je, yanaonyesha moduli zilizogawanywa vibaya? Msimamizi anasema swali ni pana mno, na mfumo mmoja hautoshi kuwa ushahidi. Nadhani yuko sahihi.

Mliopita njia hii, nichambue miradi michache ya chanzo huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) kwa kina, au mingi kwa takwimu? Na "vibaya" nitaipimaje? Hapo ndipo nimekwama hasa. Pendekezo natakiwa kuliwasilisha mwezi ujao.