Nimeletewa fomu ya sahihi za kura ya maamuzi, nitie au nisitie?

DadaWaLikoni: Wadau, habari za jioni. Kuna vijana wanapita mtaani kwetu wakikusanya sahihi za kubadilisha Katiba ya Kenya. Fomu ina jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, basi. Kuuliza mswada uko wapi, naambiwa "tia tu, mengine utasomewa baadaye." Mimi naamini mwananchi asingoje uchaguzi wa kila miaka 5 ndipo asikike, kwa hiyo sitaki kuwafukuza tu. Mnanishauri nini?

MzeeVoi: Binti yangu, usitie kitu hujakisoma. Kifungu cha 257 cha Katiba kinataka sahihi milioni moja za wapigakura waliosajiliwa, na yako ikiingia imeingia. Kumbuka BBI, ule mpango wa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, wa kubadilisha Katiba: mswada mmoja ulibeba cheo cha Waziri Mkuu, maeneo bunge mapya 70, na fedha zaidi kwa kaunti. Anayetaka hizo fedha na hataki vyeo angepigaje kura? Mahakama ya Juu iliuzima Machi 2022, ikasema njia hii ya sahihi ni ya raia, Rais hawezi kuianzisha.

Tito_K: Shikamoo mzee, lakini tusiwatie watu hofu. Wabunge watajipunguza wenyewe lini? Mswada wa Punguza Mizigo wa 2019, nao wa kubadilisha Katiba kwa sahihi, ulitaka wabunge na maseneta washuke kutoka 416 hadi 147. Sahihi zilipita kwenye tume ya uchaguzi, mabunge ya kaunti yakaukataa, mwananchi hata hakufika kwenye debe. Hilo ndilo linaloniuma.

NipoSacramento: Tito, huku California sahihi zikitosha mambo yanaenda moja kwa moja kwa wapigakura, na pesa nayo inafuata. Mwaka 2020 kampuni za usafiri na za kupeleka chakula zilimwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye Pendekezo la 22, sheria iliyopigiwa kura na wananchi, ili madereva wao wasihesabiwe kama waajiriwa. Zikashinda. Ila kitu kimoja nakipenda: kabla ya kura tunatumiwa kijitabu chenye maneno ya sheria yenyewe, hoja za pande zote mbili na makadirio ya gharama kwa serikali.

DadaWaLikoni: Ahsanteni sana. Wakirudi nitawadai mswada, na niwaulize nani anawalipa.

MzeeVoi: Vyema. Wakiuleta, someni pamoja na majirani. Wasipouleta, nambari ya kitambulisho chako usiwaachie.