UZI WA MALALAMIKO: Mnauziwa marudio ya miaka ya 60 mkiambiwa ni rock and roll ya 1955

Wakuu, leo salamu fupi. Huu uhuni wa mikusanyiko ya "nyimbo bora za rock and roll" umezidi, na wanaopigwa ni wale wale wanaoupenda muziki huu kwa dhati. Mtu anatafuta mlio aliokua nao, anatoa hela yake, anaishia kupewa kitu kingine kabisa chenye jina lile lile.

Mchezo wenyewe uko hivi. Jalada lina picha ya Little Richard wa 1956, na chini yake wameandika kuwa nyimbo zimeimbwa na wasanii wenyewe. Hapo hawajadanganya, mwimbaji ni yeye. Rekodi ndiyo siyo. "Tutti Frutti" iliyoleta kishindo ilirekodiwa tarehe 14 Septemba 1955 kwenye studio ya Cosimo Matassa, New Orleans, kwa ajili ya kampuni ya Specialty. Kwenye dramu alikuwa Earl Palmer, saksafoni zilipigwa na Lee Allen na Red Tyler, na piano ni Richard mwenyewe. Mwaka 1964 Richard yuko kampuni ya Vee-Jay, na huko akaanza kuziimba upya nyimbo zake za Specialty na wapigaji wengine. Marudio ya namna hiyo ndiyo yanayojazwa kwenye mikusanyiko ya bei chee, na huko mitandaoni nayo yanakuja ukitafuta jina lake.

Si yeye peke yake. Chuck Berry aliondoka kampuni ya Chess mwaka 1966 akaenda kampuni ya Mercury, na mwaka 1967 Mercury wakatoa albamu ya vibao vyake vya zamani, vimepigwa upya. Jerry Lee Lewis naye, baada ya kutoka kampuni ya Sun, alizirudia nyimbo zake akiwa na kampuni ya Smash. Bill Haley alirudia "Rock Around the Clock" kwa kampuni zaidi ya moja.

Sababu ni pesa tu. Utepe wa kwanza, yaani rekodi ya asili, ni mali ya kampuni, si ya msanii. Kampuni mpya ikitaka kuuza "Maybellene" ya Chuck Berry ina njia mbili: ikalipe Chess, au imwambie Chuck aingie studio aimbe tena. Njia ya pili ni rahisi. Na kwa kuwa mikataba ya zamani kwa kawaida ilimkataza msanii kurudia wimbo ule ule kwa miaka kadhaa, marudio mengi yanaangukia miaka ya 60 na kuendelea. Tepu hizo zikaja kuuzwa na kuuzwa tena kwa wachuuzi wa mikusanyiko, hadi leo.

Sasa jinsi ya kuwabaini.

Angalia kwanza kama ni stereo, yaani sauti ya kushoto na ya kulia zinatofautiana; mono ni sauti moja ile ile pande zote. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani kwa wingi mwaka 1958. Sun, Chess na Specialty wa 1954 hadi 1956 walikuwa wanarekodi mono. Kwa hiyo ukivaa hedifoni, ukasikia wimbo wa 1955 una dramu kushoto na gitaa kulia, zimetengana safi, hiyo ni rekodi ya marudio. Usibishane nayo.

Kuna pia stereo ya kughushi, ambayo ni balaa la aina yake. Miaka ya 60 kampuni kubwa zilichukua mono halisi, zikapeleka sauti nyembamba upande mmoja na nzito upande wa pili, zikachelewesha upande mmoja kidogo na kuongeza mwangwi. Rekodi ni ile ile ya kwanza, lakini imeharibiwa: sauti ya mwimbaji inakuwa na uwazi katikati na besi inapoteza nguvu. Msidhani kuirudisha mono kunatibu. Ukizichanganya chaneli mbili zilizopishana kwa muda, baadhi ya sauti zinafutana na unabaki na kitu kibovu zaidi.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha chaneli mbili ziwe sauti mbili za mono, chagua moja uigeuze wimbi juu chini, kisha zichanganye. Zikifutana ukabaki na kimya, una mono halisi. Ikibaki michirizi hafifu tu, mara nyingi ni uchafu wa MP3 au wa santuri, isikutishe. Ikibaki dramu nzima au saksafoni, umetiwa changa la macho.

Halafu tumia masikio. Chukua "Rock Around the Clock". Ile ya kweli ilirekodiwa tarehe 12 Aprili 1954 kwenye ukumbi wa Pythian Temple, New York, mtayarishaji akiwa Milt Gabler wa Decca, namba ya santuri 29124. Muda mwingi wa siku ile uliliwa na "Thirteen Women", uliokuwa upande A; huu tunaoujua ulikuwa upande B! Solo ya gitaa ni ya Danny Cedrone. Sikiliza mwisho wa solo, pale anaposhuka noti kwa noti kwa kasi ambayo vidole vya kawaida vinajikwaa. Hakuibuni siku ile. Alishaipiga mwaka 1952 kwenye "Rock the Joint" ya Haley huyo huyo. Alilipwa dola 21. Mwezi Juni 1954 akaanguka ngazi, akafa, mwaka mzima kabla wimbo haujapanda namba 1 Marekani tarehe 9 Julai 1955. Kwa hiyo rekodi yoyote ya Haley ya wimbo huu iliyofanywa baada ya hapo haiwezi kuwa na Cedrone. Na wale mnaoandika kila mahali kuwa solo ile ni ya Franny Beecher, acheni. Beecher alikuja baadaye.

Kwa nyimbo za Sun kuna alama nyingine: ule mwangwi unaorudi mara moja tu. Sam Phillips, mwenye Sun, alitumia mashine mbili za kurekodi za Ampex 350. Sauti ikirekodiwa kwenye ya kwanza, inapitishwa pia kwenye ya pili, na kwa kuwa kichwa cha kurekodi na cha kusomea havikai sehemu moja, inarudi imechelewa. Vichwa vikiachana inchi 2 na utepe ukikimbia inchi 15 kwa sekunde, unapata kama sekunde 0.13. Ni pigo moja kavu. Kampuni ya RCA walipomnunua Elvis kutoka Sun kwa dola 35,000 Novemba 1955 hawakuujua ufundi huo, wakaishia kutumia mwangwi wa korido kwenye "Heartbreak Hotel". Marudio ya baadaye ndiyo yanasikika kama mtu anaimba bafuni.

Na mkisikia dramu kwenye "That's All Right" ya Elvis mjue si ile ya 5 Julai 1954. Walikuwa watatu tu: Elvis, Scotty Moore kwenye gitaa, Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama. Hilo kofi mnalosikia ni nyuzi za besi zikigonga mti.

Nimalizie na waandishi wa "je, wajua". Mtangazaji wa redio Alan Freed hakubuni jina rock and roll. Boswell Sisters walikuwa na wimbo wenye jina hilo mwaka 1934. "Rocket 88" ya 1951 haikutolewa na Sun, kwa sababu lebo ya Sun ilikuwa haijazaliwa: Phillips aliirekodi Memphis, Chess wa Chicago wakaitoa, na bendi ilikuwa ya Ike Turner ingawa santuri imeandikwa Jackie Brenston. Ndege iliyomuua mwimbaji Buddy Holly tarehe 3 Februari 1959 haikuitwa "American Pie". Ilikuwa Beechcraft Bonanza yenye namba ya usajili tu, na huo ni wimbo wa 1971. Kila mwezi Februari mnatuletea uongo huu huu!

#2

Mkuu umeongea, ila usiwatishe watu kupita kiasi. Kuna matoleo mawili ya wimbo mmoja na yote ni halali. "That'll Be the Day" Buddy Holly aliirekodi kwanza Nashville, Julai 1956, kwa ajili ya Decca, akaimba juu mno, imekakamaa. Iliyokuwa kibao ni ya Clovis, New Mexico, kwenye studio ya Norman Petty, tarehe 25 Februari 1957. Mtu akikuuzia ya Nashville hajaghushi.

#3 (mwenye uzi)

Kaka, ni halali pale tu ukiwa umeambiwa. Wanaweka ya Nashville, wanaandika "kibao namba 1 cha 1957". Huo si wizi? Na hapo hatujagusa zile tepu alizorekodi Holly nyumbani kwake New York miezi ya mwisho, akiwa na gitaa peke yake. Baada ya kifo wakaziongezea bendi na waitikiaji. Anayeuza aseme kama ni zile tupu au zilizovalishwa.

#4

Mimi kero yangu ni wanaozihamisha santuri za 78 (zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika) kwenda kwenye kompyuta. Ulaya rekodi zilizotolewa hadi mwisho wa 1962 ziko huru, yeyote anaweza kuzitoa, kwa hiyo kisingizio cha haki hawana. Lakini wanazipiga kwa sindano ya stereo ya inchi 0.0007 wakati mfereji wa 78 unataka inchi 0.003. Sindano ndogo inazama hadi chini kwenye uchafu, inakwaruza huko, kisha wanafuta kelele kwa programu hadi matoazi ya dramu yanapotea na sauti inakuwa kama iko chini ya maji.

Mwenye mashine ya mizunguko 45 tu isiyo na 78 bado anaweza. Funga sindano sahihi, rekodi kwa 45, kisha ongeza kasi kwa asilimia 73.9, utapata mizunguko 78.26 kwa dakika, ambayo ndiyo 78 ya Marekani. Mnachosahau: amplifaya imeshasawazisha sauti kwa kasi isiyo sahihi. Ondoa usawazishaji wa RIAA (ule wa kuongeza besi na kupunguza sauti nyembamba santuri ikipigwa) kwanza, ongeza kasi, ndipo usawazishe upya. Mkiruka hatua hiyo mlio unapinda, halafu mnalaumu santuri. Na msisafishe 78 za shelaki (utomvu zilizotengenezwa nao) kwa spiriti, inayeyusha. Maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, basi.

#5

Nimepima "Ain't That a Shame" ya Fats Domino kwa gitaa, haikai kwenye noti yoyote. Ina maana nimeuziwa ya kughushi?

#6 (mwenye uzi)

Hapana ndugu, hiyo kampuni yake ya Imperial wenyewe waliiongeza kasi mwaka 1955 kabla ya kuitoa. Noti kuwa kati kati siyo ushahidi peke yake. Nusu toni nzima ni kama asilimia 6 ya kasi. Chini ya hapo inaweza kuwa studio, inaweza kuwa mashine ya aliyehamisha. Linganisha na nakala ya pili kutoka chanzo tofauti. Zikikubaliana, mwachie Domino wake.

#7

Na hizi 45 za Elvis za Sun, za rangi nyekundu na bluu, zenye jalada la picha?

#8 (mwenye uzi)

Zote feki. Elvis ana santuri tano tu za Sun: 209, 210, 215, 217 na 223, na hakuna hata moja iliyotoka ya rangi wala na jalada la picha. Zilizopigwa chapa Memphis zina alama tatu za duara zilizobonyea kwenye lebo. Inamisha santuri mwangani utaziona. Zilizopigwa miji mingine hazina, kwa hiyo hizo soma maandishi yaliyochongwa pembeni ya lebo kabla hujatoa hata senti. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya sehemu hiyo, achana naye.