Siku mbili Mombasa na mamangu mwenye magoti mabaya, tuanzie wapi?

wa_juja
Jamani watu wa pwani nisaidieni. Nakuja na mamangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, plus watoto wawili wa praimari, shule zikifungwa mwezi wa nane. Tunapanda treni ya SGR ya asubuhi. Mimi Mombasa nimekuja mara moja tu harusi ya mwenzangu wa kazi nikaishia Nyali sikuona kitu. Mama yeye hataki mambo ya bichi, anataka Fort Jesus na Mji wa Kale. Tulale kisiwani ama Nyali? Na ni lazima tuchukue mtu wa kutuzungusha ama tutajipeleka wenyewe?

mtoto_wa_kibokoni
Karibuni sana. Laleni kisiwani, sababu mkilala Nyali kila mkitaka kuja mjini ni jam ya daraja. SGR itawashusha Miritini msidhani mmefika, matatu za mjini ziko lakini na mama chukueni teksi tu.
Fort nendeni asubuhi ikifunguliwa, ikifika saa sita pale uwanjani katikati ni tanuri. Ingawa mwezi wa nane ni kusi, kuna upepo, mko na bahati. Bebeni vitambulisho, bei ya raia na ya mgeni si moja. Watoto waonyesheni vitu vilivyotolewa kwa ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome 1697 ikiwa imekuja kuokoa wenzao. Waomani walikuwa wamewazingira tangu Machi 1696 na hawakuingia mpaka Disemba 1698, hebu fikiria, na waliokufa mle ndani wengi ni njaa na maradhi. Wangu wa darasa la nne alisahau simu nusu saa nzima, hiyo kwangu ni rekodi.

shosti_wa_tudor
Kuhusu mtu wa kuwazungusha mimi nasema ndio, ila mpatane bei KABLA hamjapiga hatua. Mimi mwenyewe mtoto wa hapa nilileta wageni, jamaa akasema "mtanipa chochote" halafu mwisho chochote chake kikawa elfu tatu, nilichoka. Na mama abebe leso, ni mitaa ya watu wanaishi. Picha za mtu omba kwanza, milango pigeni mpaka mchoke.

babu_makadara
Mwanangu, mkitoka ngomeni ingieni Ndia Kuu. Si makosa ya kuandika, kwetu sisi njia ni ndia, wageni kila siku watusahihisha kwenye kibao chetu wenyewe. Hapo pana milango ya kuchonga na roshani za mbao, mamako ataenda polepole na akichoka baraza ziko, aombe akae, hakuna atakayemfukuza. Ngazi za Leven pale baharini amwachie mjukuu, magoti hayatoziweza.
Na hiyo ngome Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958, sisi wadogo tulikuwa twatishwa nayo. Wasema hata neno gereza ni la Kireno, kwao lilikuwa kanisa, na kanisa lilikuwa mle ngomeni! Waambie watoto, na meza pia ni yao hao hao.

mtoto_wa_kibokoni
😂 babu umeanza darasa. @wa_juja jioni yake nendeni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari kwa upepo, teksi ama tuktuk inamfikisha mama mpaka karibu kabisa, mnakaa mnatazama meli zikiingia, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, madafu, achari ya maembe. Mibuyu ya pale ni mikubwa ajabu. Siku ya pili kama magoti yamekubali pandeni feri ya Likoni mwende na kurudi, kwa miguu ni bure na watoto watafurahia kuliko kitu chochote mlicholipia.

wa_juja
Mungu awabariki, nimemsomea mama yote. Ameniambia niulize jambo moja tu, mahamri na mbaazi za nazi zinapatikana kabla ya Fort ama tukitoka?

shosti_wa_tudor
KABLA. Saa moja mshafika, mkichelewa mtakuta mbaazi zimebaki mchuzi. Mwambie mama aulize viazi karai jioni, asubuhi hakuna.