Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu nani alimsomea nani?

Wakuu habari. Jana mwanangu wa darasa la kwanza anasoma kwa kidole, ba be bi, nikamkumbuka mzee wangu. Barua ya shule ikija anasema "hebu nisomee, miwani nimeisahau chumbani". Nimekuja kushtuka nishakuwa mtu mzima kwamba mzee hajawahi kuwa na miwani 😂. Ila zile barua ndo zilinifundisha kusoma kwa sauti, maana nikiruka mstari anadaka hapo hapo, "haijakaa sawa hiyo, rudia". Herufi hajui, sikio analo. Tiririkeni.

Mjukuu wa Bibi: Kwetu bibi alikuwa anashika kitabu cha picha anatunga papo hapo, leo sungura kaiba, kesho huyo huyo sungura anaoa. Nilivyojua kusoma nikamwambia bibi mbona hawajaandika hivyo. Akafunga kitabu. Mpaka leo inaniuma, maana maneno mengi niliyoingia nayo shule nilitoa kwenye zile hadithi zake za uongo. Baada ya siku kadhaa akaniita, haya nionyeshe jina langu linaandikwaje.

Chaki: Mimi nafundisha watu wazima jioni, wengi akina mama, na duniani ndo hivyo hivyo, karibu theluthi 2 ya watu wazima wasiojua kusoma ni wanawake. Hawafuati cheti, wanataka kumsaidia mtoto homuweki. Tukiwaweka mzazi na mtoto darasa moja utoro unapungua, maana mtoto atamuuliza mama leo huendi? Kuna mama alikuwa anampa mwanae dawa kwa kukumbuka alichoambiwa dirishani, siku kasoma chupa mwenyewe "mara 3 kwa siku" kumbe yeye alikuwa anatoa mara 2. Akaenda kuwaambia majirani wote wakague chupa zao.

Kimya Kingi: Tuseme ukweli, sisi wenye digrii ndo wabaya zaidi. Simu mkononi, mtoto tumemwachia mwalimu wa tuisheni.

Mleta mada: @Kimya Kingi umenipiga na mimi humo humo aisee. @Chaki mzee wangu kaanza mwaka jana, mwalimu wake ni huyo huyo wa ba be bi, wanagombea penseli. Shida ikawa maandishi madogo hayaoni, ikabidi nimnunulie miwani.