MREJESHO: Kikohozi cha mama na kile kipimo cha CRP

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mama aanze antibayotiki kwa kikohozi na homa ya siku nne, nanyi mkanishauri apimwe CRP kwanza, yaani kipimo cha damu cha protini inayopanda mwili ukipata maambukizi. Asanteni sana.

Zahanati ya hapa Makorora haikuwa nacho, tukakipata maabara ya binafsi mjini Tanga. Jibu: miligramu 14 kwa lita. Daktari alishamsikiliza kifua na kuhesabu pumzi, hakuona dalili za nimonia. Akasema protini hii hutengenezwa na ini, na bakteria huipandisha sana kuliko virusi. Kwa mtu mzima kama yeye, chini ya 20 antibayotiki hazihitajiki. Mama alinuna, alitaka vidonge! Homa ikaisha siku ya pili.

Kikohozi ndicho kilichogoma. Kilipopita wiki mbili tukarudi, maana CRP ndogo haiondoi uwezekano wa kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Kikaisha chenyewe wiki ya tatu.

Aliyenishauri prokalsitonini (kipimo kingine cha damu cha kutambua maambukizi ya bakteria), samahani mkuu, niliizunguka Tanga nzima sikuipata.