Mjadala: Nyumba mpya za kupangisha zitoke na waya wa mtandao ukutani, au Wi-Fi inatosha?

Mjenzi_Dar
Hoja yangu naiweka wazi. Nyumba na fleti mpya za kupangisha mijini zisikabidhiwe kwa mpangaji bila waya wa mtandao uliopita ndani ya ukuta, kutoka pale faiba inapoingilia hadi pale runinga itakapokaa. Iwe sehemu ya kazi ya fundi umeme, sawa na soketi na swichi za taa.

Angalieni tunavyojenga. Kuta ni tofali za saruji za inchi 5 au 6, zege la ghorofa lina nondo, na mtoa huduma anafunga kisanduku cha faiba dirishani au karibu na mlango, popote waya wake ulipoishia. Runinga iko nyuma ya ukuta wa pili au wa tatu. Mawimbi ya GHz 5, ambayo ndiyo yenye kasi, yanachoka haraka kwenye saruji. Ya GHz 2.4 yanapenya vizuri zaidi lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Jengo la fleti 16, kila fleti na ruta yake, wote wanagombania hizo tatu, pamoja na maikrowevu na vifaa vya Bluetooth vinavyotumia masafa hayohayo. Kwenye chaneli moja anazungumza mmoja, wengine wanasubiri.

Kabla ya lipu, mfereji wa bomba la umeme umeshachimbwa ukutani. Kuchimba wa pili wakati huo ni kazi ya saa chache. Baada ya rangi ni kubomoa.

Mpangaji_Makini
Mkuu, napinga. Gharama hiyo itarudi kwenye kodi ya nyumba, na hitaji lenyewe halijaonyeshwa. Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya Mbps 15 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 4K na Mbps 5 kwa 1080p. Ruta ya kawaida ya Wi-Fi 5 (kizazi cha tano cha Wi-Fi), ukuta mmoja katikati, mara nyingi inaipa runinga zaidi ya Mbps 100. Halafu someni karatasi za vipimo vya runinga: nyingi za 4K, hata za bei kubwa, tundu la waya nyuma ni la Mbps 100 tu. Unavuta Cat6, waya wa mtandao wenye uwezo wa Mbps 1,000, ili runinga ipokee sehemu ya kumi.

Na familia nyingi ziko kwenye kifurushi cha Mbps 10 au 20, au ruta ya 4G yenye laini ya simu. Mbanano uko huko nje. Waya wa ndani hautaongeza hata Mbps moja.

Bi_Kebo
Kaka Makini, namba zako ni sahihi ila ni za wastani, na Wi-Fi haishindwi kwenye wastani. Inashindwa pale inapoyumba. Filamu inashushwa kwa vipande vya sekunde chache na runinga inaweka akiba mbele, kwa hiyo mtandao ukidondoka sekunde tano hutaona kitu. Mpira mubashara hauna akiba ndefu, maana kitakachoonyeshwa bado hakijatokea. Mdondoko uleule unaleta duara linalozunguka wakati majirani wanashangilia goli. Gemu ya mtandaoni haina akiba kabisa. Kwa waya, safari ya kutoka konsoli hadi ruta ni chini ya milisekunde moja na haibadiliki. Kwa Wi-Fi inaweza kuwa milisekunde 3, kisha ghafla 60 kwa sababu simu ya chumbani imeanza kupakia picha.

Kuhusu tundu la Mbps 100, umesema kweli na watu wengi hawalijui. Lakini linatosha kwa huduma zote za kutazama mtandaoni. Linakwama kwa mtu mwenye filamu zilizonakiliwa kutoka diski za 4K na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa diski hizo zinaruhusiwa kupita Mbps 100. Huyo, runinga yake ikiwa chumba kimoja na ruta, Wi-Fi ya GHz 5 inampa zaidi ya tundu lile. Au anunue adapta ya waya ya USB, akikagua kwanza kama runinga yake inaitambua. Kwenye USB 2.0 atapata kama Mbps 300.

Na kuna jambo hukuligusa. Runinga ndiyo mlaji mkubwa wa nafasi ya Wi-Fi nyumbani, saa tano au sita kila jioni. Ukiitoa kwenye Wi-Fi, simu na kompyuta zilizobaki zinapata nafasi. Faida ya waya wa runinga anaipata hata asiyetazama runinga.

Ami_wa_Shangani
Hoja inasema nyumba mpya. Sisi wa Mji Mkongwe je? Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na mji ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000; hutoboi unavyotaka. Chumba cha pili Wi-Fi haifiki, na waya sina pa kuupitisha. Lamu ni hivyohivyo.

Wengine wanauza zile adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme. Zinafaa?

Bi_Kebo
Ami, zinafaa kwa masharti. Adapta zote mbili ziwe kwenye fezi moja. Zichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, maana kinga hiyo inayachuja mawimbi yenyewe ya mtandao. Na usitegemee namba ya kwenye boksi: iliyoandikwa 1,000 inaweza kutoa 80, na friji au chaja mbovu ikiwaka ikashuka hadi 20. Omba dukani ujaribu kabla ya kulipa.

Waya wa dishi uliokwisha kupita nyumbani unaweza kubeba mtandao kwa adapta za MoCA, ila usiwe waya uleule unaotumika na dishi. Ishara ya dishi inashuka kwenye king'amuzi kwa takriban MHz 950 hadi 2,150, na MoCA inatumia sehemu ya masafa hayohayo. Waya wa dishi lililoachwa ni mali.

Kwa nyumba yenye ua wa ndani, jaribu kwanza jambo lisilo na gharama: weka ruta kwenye dirisha au baraza inayotazama uani. Mawimbi yanapita penye uwazi, yanavuka ua na kuingia vyumbani kwa madirisha, badala ya kupigana na ukuta wa mawe. Ikae mbali na mvua na hewa ya chumvi, inayokula haraka meno ya kila kichwa cha waya.

Mkazi_Kajiado
Huku wengi tunatumia Starlink, mtandao wa setilaiti, tangu ifike Kenya 2023. Kumbukeni ruta yao ya kizazi cha pili haina tundu la waya kabisa, mpaka ununue adapta yao. Ya kizazi cha tatu inayo mawili. Mtu asichimbe ukuta kabla ya kuangalia ana ipi.

Swali langu: runinga inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi imejaa na bado picha inakwama. Nitajuaje kosa ni langu au la mtoa huduma?

Bi_Kebo
Mistari ile inaonyesha nguvu ya ishara tu, msongamano hauuonyeshi. Pima hivi. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, simu ikiwa GHz 5, fungua fast.com, ambayo ni ya Netflix wenyewe, usome kasi. Nenda ukasimame palipo na runinga, rudia. Kisha fungua kivinjari cha runinga yenyewe, rudia mara ya tatu. Yote matatu yakiwa chini, mlalamikie mtoa huduma. Karibu na ruta ni juu na kwenye runinga simu iko chini, tatizo ni kuta. Simu iko sawa palepale lakini runinga iko chini, runinga imeng'ang'ania GHz 2.4 au antena yake imezibwa na ukuta na bati la nyuma.

Dawa ya hilo la mwisho: ingia kwenye ruta, ipe GHz 2.4 jina lake na GHz 5 jina lake, runinga uiunganishe na la pili tu. Chagua chaneli 36 hadi 48. Zile za 52 hadi 144 tunashirikiana na rada. Ruta ikisikia rada lazima ihame mara moja, na baadhi ya runinga hazizioni kabisa. Ukiwa na programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu, tafuta ishara ya dBm -67 au bora zaidi mahali pa runinga (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; namba ikikaribia sifuri ndiyo bora). Ikifika -75, mvutie waya.

Kijiti cha kutazamia mtandaoni kilichochomekwa nyuma ya runinga kisogeze pembeni kwa kipande cha HDMI cha sentimita 15. Kama kuna diski ya USB 3 jirani yake, iondoe. Kelele ya USB 3 inaangukia moja kwa moja kwenye GHz 2.4.

Fundi_Waya
Naunga mkono hoja, ila niseme kinachoharibika, maana waya mbovu ukutani ni mbaya kuliko Wi-Fi ya kawaida.

La kwanza ni waya wenyewe. Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi zimejaa boksi za mita 305 zilizoandikwa Cat6 ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini inakatika ukiikunja, inapoteza ishara kwa umbali, na ukipitisha umeme wa kamera humo inapata joto. Boksi la shaba tupu ni zito, hulibebi kwa kidole. Ukutani weka waya wa uzi mmoja mgumu. Ule laini wa nyuzi nyingi ni wa kutoka soketi hadi runinga. Kwa nyumba ya kawaida Cat5e (daraja la chini ya Cat6) ya shaba halisi ni bora mara mia kuliko Cat6 ya alumini. Inabeba Mbps 1,000 hadi mita 100.

Mpangilio wa rangi uwe mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto wa jozi za nyuzi zaidi ya milimita 13. Mafundi wengi wanapima kwa kuchomeka runinga, ikiwaka wanaondoka. Hicho si kipimo. Mbps 100 inahitaji jozi mbili tu, miguu 1, 2, 3 na 6. Jozi nyingine ikikatika runinga itafanya kazi vilevile, halafu mpangaji anakuja na konsoli, anapata Mbps 100 badala ya 1,000 na hajui kwa nini. Tumia kipima waya chenye taa nane, uone zote zikiwaka kwa mfuatano.

Waya wa mtandao na wa umeme wa volti 230 visilale bomba moja. Ni hatari kwa mtu, si kelele tu. Vikipishana vipishane kwa msalaba. Bomba la milimita 20 lichukue nyaya tatu, la 25 nne au tano, na kona zisizidi mbili kabla ya boksi la kuvutia. Ziba midomo ya bomba, vinginevyo panya na mchwa watahamia humo.

Na msivute shaba kupita uwanjani kwenda nyumba ya uani. Radi ikipiga karibu, waya ule unaleta msukumo hadi kwenye runinga na ruta kwa pamoja. Hapo weka uzi wa faiba na vigeuzi viwili.

Mpangaji_Makini
Nimesoma yote. Sasa kwa nini mnasema runinga tu? Saundiba na spika mnaziacha kwa Bluetooth?

Bi_Kebo
Hapana, hapo waya ndiyo wa lazima kuliko kote. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200. Kwa mujibu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mtazamaji anaanza kugundua sauti ikichelewa kama milisekunde 125. Runinga nyingine zinachelewesha picha kufidia, jambo lisilofaa kwa gemu. Tumia HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, ambalo kwa kawaida ni moja tu. Mengine hayatoi sauti. Waya wa mwanga (optical) unatosha kwa sauti ya 5.1 (spika sita) iliyobanwa, zaidi ya hapo hauwezi. Na spika za nyuma zinazoitwa hazina waya bado zinahitaji soketi ya umeme, kwa hiyo waya umeuhamisha tu.

Mpangaji_Makini
Basi nirekebishe msimamo. Sharti liwe bomba tupu lenye kamba ndani na boksi tupu ukutani. Mwenye nyumba asilazimishwe kununua waya ambao teknolojia itaupita. Mwenye haja atavuta wake, na akitaka faiba badala ya shaba atavuta faiba.

Mjenzi_Dar
Bomba tupu nakubali ni bora kuliko chochote. Lakini mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja hatanunua waya, vichwa, koleo na fundi ili aviache akihama. Bomba litabaki tupu miaka kumi. Waya wa mita 15 kutoka mlangoni hadi sebuleni hauwezi kupandisha kodi ya mtu.

Bi_Kebo
Wote wawili mmesahau dari. Mkipeleka waya kwenye runinga pekee, vyumba vya kulala vinabaki na ruta iliyofungwa mlangoni. Vile vikuza mawimbi vinavyopokea na kutuma kwa redio ileile vinapoteza takriban nusu ya kasi. Wi-Fi nzuri inatoka kwenye kifaa kilichofungwa katikati ya nyumba, darini, kinacholishwa kwa waya unaokipa na umeme pia. Anayepigania Wi-Fi ndiye angepaswa kudai huo waya kwanza.

Kwa hiyo kwa nyumba ya vyumba vitatu mimi ningeandika hivi kwenye mchoro: bomba la milimita 25 kutoka kwenye kisanduku cha faiba hadi boksi la runinga lenye matundu mawili, moja la runinga, moja la konsoli. Bomba la milimita 20 kutoka kisandukuni hadi dari ya korido, waya mmoja. Mabomba tupu yenye kamba hadi kila chumba cha kulala, hapo namfuata kaka Makini. Kwenye kisanduku soketi mbili za umeme, moja ya kisanduku cha faiba na nyingine ya ruta, na nafasi ya UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ili umeme ukikatika simu ziendelee kupata mtandao. Waya kama mita 45 jumla, ukiacha sentimita 30 za ziada kila mwisho, na kila ncha iandikwe inakoelekea kabla ya lipu kupigwa.

Fundi_Waya
Ongeza picha. Kila ukuta upigwe picha na futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya bomba, zikabidhiwe kwa mwenye nyumba pamoja na funguo. Mpangaji anayetoboa ukuta kutundika runinga ndiye anayekata waya huo.